Waya wa Fedha Masikioni mwa Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi kwetu Mbagala kwa kipindi ambacho mwisho wake haujawahi kutajwa na mtu yeyote, amenunua waya wa hedifoni uliotengenezwa kwa madini ya fedha. Bei yake sitaitaja hapa, maana mama yake naye anajua kusoma. Ila niseme tu kwamba siku waya ulipofika, umeme wa Luku ulikuwa umebaki yuniti mbili na aliyetumwa kununua mwingine nilikuwa mimi.

Nisieleweke vibaya: amplifaya yake, kile chombo cha kukuza sauti anachokiweka kati ya simu na hedifoni, sina ugomvi nayo. Hedifoni anazotumia ni Sennheiser HD 600, aina iliyotoka mwaka 1997, zenye ukinzani, yaani ubishi wa kupitisha umeme, wa omu 300, na simu ya kawaida ikijitahidi hutoa volti 1 hivi. Volti hiyo ukiipigia hesabu kwenye omu 300 unapata nguvu ya miliwati 3 na ushee, ilhali hedifoni za omu 32 zingepata miliwati 31 kutoka kwenye simu hiyo hiyo. Ndiyo maana muziki wa dansi wa zamani, uliorekodiwa kwa sauti ya chini, unamfikia shemeji kwa unyonge hata akisukuma sauti ya simu hadi mwisho. Anayehitaji volti apewe volti. Tatizo ni kwamba tangu alipopata chombo hicho hataki kuona sikio la mtu mwingine limepumzika, hata haya madude yangu ya kuchomeka masikioni, ya omu 16, ambayo simu huyatosheleza na chenji ikabaki. Aliyachomeka kwenye amplifaya yake kwa nguvu zake zote, na nilichosikia kwanza ni mvumo wa amplifaya yenyewe, kisha alipogusa kitufe cha sauti kwa ncha ya kidole nikaruka kwenye kochi. Ilikuwa sawa na kujaza kikombe cha chai kwa mpira wa zimamoto.

Linaloniudhi hasa ni maelezo. Amplifaya yake ina matundu mawili, la kawaida na lile la nyaya zilizotenganishwa kila upande, na hili la pili hutoa volti maradufu, yaani ongezeko la desibeli 6 kwenye kipimo cha ukubwa wa sauti. Yeye huhamisha waya kutoka tundu hadi tundu bila kugusa kitufe cha sauti, halafu hutangaza kwamba gitaa limesogea mbele na mwimbaji sasa ana mapafu. Shemeji, ni kelele tu iliyoongezeka! Sikio la binadamu limeumbwa kupendelea kinachosikika kwa nguvu kidogo, hivyo atakayelinganisha vyombo bila kusawazisha sauti kwanza amejipangia jibu. Nilipomwomba asawazishe, alisema naharibu burudani.

Lakini hata mtu mbishi kama mimi hukubali pale penye sababu. Rafiki yake alileta amplifaya ya vali, zile taa za kioo za redio za zamani, na besi kweli ilinenepa. Zile omu 300 hazikai mahali pamoja: kwenye sauti za besi ukinzani wa hedifoni hizo hupanda hadi omu 500 hivi, na amplifaya ambayo yenyewe ina ukinzani mkubwa mdomoni, pale sauti inapotokea, tuseme omu 120, huipa besi kama desibeli 1 zaidi ya sauti nyingine. Ni badiliko dogo, linasikika, na lina hesabu yake. Sasa leteni hesabu ya waya. Fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa takribani asilimia 6 tu, na waya wa mita moja na nusu una ukinzani usiofika hata omu 1, mbele ya omu 300. Tofauti hiyo hata popo wa kwenye mwembe wetu hawezi kuidai.

Shemeji akajibu kwamba waya haujazoea. Akazifungia hedifoni kabatini usiku kucha zikipiga mvumo wa shhh usio na mwanzo wala mwisho, ati umeme uuzoeze waya njia, kwa Luku ile ile niliyokwenda kununua. Mama mkwe, aliyekuwa amelala chumba hicho, alizinduka, akasikia mvua, akatoka na khanga kuanua nguo zetu zote chini ya nyota zinazowaka. Asubuhi nilivaa shati lililokunjwa kama sambusa, na mtu wa kumlaumu hakuwepo kwa sababu shemeji alikuwa amelala.

Mimi waya nimewahi kubadilisha, ila ni kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umekufa. Waya hukatikia pale pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ndipo unapopindwa kila ukitia simu mfukoni, na utaufunga mpira wa noti, utaushika kwa pozi la mtu mwenye maumivu ya shingo kwenye daladala, mwisho utampelekea fundi Kariakoo. Fundi huuchuna, na ndani hukuta vinywele vyekundu, vya kijani na vya rangi ya shaba vilivyosukwa pamoja na nyuzi za kitambaa. Kila kinywele kimepakwa vanishi, hivyo risasi haishiki mpaka akiunguze kwanza kwa kiberiti, akikwangue, ndipo alehemu. Upande wa kushoto ulifufuka mara moja. Hilo ndilo badiliko kubwa la sauti nililowahi kulisikia kutokana na waya, na shemeji alipousikiliza alisema sauti ya kati imekosa joto.

Juzi ameanza kuuchunguza waya wa umeme unaotoka ukutani kwenda kwenye amplifaya, akiuita dhaifu. Nimemweleza kwamba umeme huo umesafiri kutoka kwenye mabwawa huko Rufiji na Kidatu juu ya nyaya za alumini, ukapita kwenye transfoma ya mtaani inayonguruma na ile nguzo iliyoinama hapo nje ya geti, hivyo kama ana pesa ya kubadilisha waya basi aanzie Rufiji, na mita ile ya mwisho nitamchangia mimi. Ameniuliza kama nafahamu bei ya fedha kwa kilo.