Martha Hakuambiwa Atoke Jikoni

Jumamosi moja nilikuwa nafua shuka za mama mgonjwa ambaye kikundi chetu cha kanisa kinamhudumia kwa zamu. Zamu haikuwa yangu. Mwenye zamu alituma ujumbe asubuhi kwamba amepata dharura, na mimi, kama kawaida yangu, nikajibu "naenda mimi" kabla wengine hawajashika simu. Nilizisugua zile shuka kwa hasira mpaka vidole vikachubuka. Mama akaniita kutoka kitandani: "Mwanangu, leo umenuna. Hebu acha hizo shuka, njoo ukae." Nikasema namalizia. Nilipomaliza, alikuwa amelala.

Njiani kurudi nilimkumbuka Martha wa Luka 10, yule aliyemkaribisha Yesu nyumbani kwake. Tumezoea kumhubiri kama onyo: Mariamu ndugu yake kakaa miguuni pa Bwana akimsikiliza, Martha kakimbilia sufuria. Mimi nadhani tunamwonea. Yesu hamwambii aache kupika. Anachokitaja ni kusumbuka na kufadhaika kwake, na ukisoma lalamiko lake, kwamba Mariamu kamwacha atumike peke yake, utaona jicho lake liko kwa ndugu yake aliyekaa, haliko tena kwa mgeni. Hapo ndipo nilipojiona. Shuka hazikunichosha, kilichonichosha ni kuhesabu nani hakuja.

Tena Martha hakuacha huduma. Katika Yohana 12, siku sita kabla ya Pasaka, tunamkuta Bethania akitumikia vilevile, na Mariamu yuko miguuni pa Yesu vilevile, safari hii akimpaka marhamu, mafuta ya thamani yenye harufu nzuri. Martha kimya. Anayelalamika ni Yuda, tena kwa jina la maskini: kwa nini marhamu haya hayakuuzwa kwa dinari 300 wakapewa wao? Sentensi hiyo hunitia aibu kila ninapoisoma, maana nami nimewahi kuwasema watu kwa kutumia jina la maskini.

Sasa, najua kuna upande wa pili. Siku hizi "nalinda amani yangu" limekuwa neno la kukwepea wagonjwa na wafiwa. Katika mfano wa Yesu wa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, kuhani na Mlawi waliompita kando nao huenda walifika nyumbani na amani zao. Lakini mtazame vizuri yule Msamaria aliyesimama kumsaidia, ambaye habari zake ziko sura ileile ya Martha, mistari michache tu kabla. Alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamuuguza usiku ule. Kesho yake akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi, akaendelea na safari. Hakukaa mpaka mtu apone. Naye Yesu, kule Kapernaumu, aliondoka alfajiri kwenda kusali. Simoni alipomfuata kumwambia watu wote wanamtafuta, jibu lilikuwa twendeni miji mingine. Watu wanamtafuta, yeye anaondoka! Mimi nisingeweza. Ningerudi, kisha ningenuna.

Zamu imeharibika mara tatu tangu siku ile. Kila mara nimeilaza simu kifudifudi mezani, nikasubiri robo saa kabla ya kujibu. Mara mbili alijitokeza mwingine, mmoja wao kijana ambaye nilikuwa nimeshamhukumu kuwa mvivu. Mara ya tatu hakujibu mtu, nikaenda. Mama alikuwa na hadithi ndefu ya ujana wake, na shuka zilibaki kwenye beseni hadi jioni.