Someni kwa sauti, nlisema mie mwenyewe

Najua habari ya mie na ile harusi ishawafikia. Ilowafikia ni ya yule mtu wangu wa Kikwajuni, ile voisi ndefu anacheka kuliko anavosema. Anasema nlilia, sikulia. Anasema shangazi kanivua kofia mbele za watu, muongo, kofia ilianguka yenyewe. Mengine yote ni kweli ila kayapanga anavotaka yeye, na kasahau kabisa kusema nani aloandika zile meseji. Sasa kaeni niwape yenyewe, na nyie wa "si ungeweka Windows tu", mnaoicheka Linux, huo mfumo ninaoendeshea laptopu yangu, leo piteni kando, sina nguvu zenu.

Harusi ya mtoto wa shangazi, Mpendae, hapa Unguja. Akdi msikitini baada ya laasiri, wanawake wako nyumbani na bi harusi wao kama kawaida, na ami yake bi harusi yuko Muscat hakupata ruhusa kazini. Shangazi akaja na fikra yake: akdi ionekane mubashara ukumbini kwenye TV kubwa, na huyo ami aunganishwe humo humo aone na aonekane. TV yenyewe ya zamani, haijui waifai, ina tundu la HDMI basi. Kwa hiyo inatakiwa laptopu, na laptopu inataka mtu, na ukoo wetu ukisema kompyuta wote wananigeukia mie, mana niliwahi kutoa karatasi ilokwama kwenye printa ya mjomba na tokea hapo sina raha.

Kabla ya harusi shangazi akanita, mwanangu hiyo kompyuta yako mtandao inakamata vizuri? Nkamwambia inakamata, ila kupata uhakika kuna vidude vya waifai vya kuchomeka kwenye USB vinauzwa Darajani. Akafungua fundo la kanga akanitolea elfu thelathini. Wallahi nlikuwa na nia ya kukinunua. Nlifika mpaka mlangoni mwa duka. Lakini nkajisemea kadi ya waifai ya ndani ya laptopu si inafanya kazi, kidude cha nini? Na jioni yake tukajikuta Forodhani, mie na huyo wa Kikwajuni, urojo, mishkaki, juisi ya miwa, akaongeza na pweza, halafu akaongeza tena. Elfu thelathini Forodhani na mtu yule haifiki isha.

Sasa hiyo kadi. Laptopu ni ya mtumba, ndani ina Broadcom BCM4312, ukipiga amri ya lspci -nn inajitaja kwa namba yake 14e4:4315. Kadi haina kosa lolote, siisingizii. Kwenye Linux ina njia mbili: draiva (programu ya kuisemesha kadi) ya b43 ambayo imo ndani ya kerneli, moyo wa mfumo, lakini femuwea yake, ile programu ndogo inayopakiwa kwenye kadi yenyewe, uilete mwenyewe kutoka nje, au draiva ya wl, hii kwenye Debian, aina ya Linux nnayotumia, inakuja kwa jina la broadcom-sta-dkms. Mie natumia wl. Uzuri wake inakamata. Ubaya wake ni kwamba kila kerneli ikibadilika lazima ijengwe upya hapo hapo kwenye mashine yako, na kujengwa kwake kunataka heda, faili za kujengea, za kerneli hiyo hiyo, si ya jana. Na ukishaiweka inaipiga marufuku b43 ili wasigombee kadi, kwa hiyo wl ikikosekana huna la kushika.

Usiku wa kuamkia harusi nkasema ngoja niisafishe kompyuta nisije nkaaibika. Nisije nkaaibika, nyie. Nkapiga apt upgrade, amri ya kusasisha kila kitu. Debian 12, ikashuka kerneli mpya ya 6.1, DKMS, ndo fundi wa kuijenga ile draiva, ikatafuta heda ikazikosa, mana mie zamani niliweka heda za kerneli moja tu badala ya linux-headers-amd64 inayofuatana nayo kila ikipanda. Ikaandika malalamiko yake pale, sikuyasoma. Nani anasoma yale? Nkazima nkalala.

Siku ya siku nafika Mpendae, hodi hodi mlangoni, ndani nasikia "kuna mwanamme, kuna mwanamme, jistirini!", buibui zinaruka, viti vinasukumwa. Ukumbi umejaa. Nusu ni jamaa, nusu ni majirani ambao haifai mie kukaa nao wanitazame niwatazame, kwa hiyo shangazi alishaandaa: pembeni katundika pazia, nyuma ya pazia kiti na meza, waya wa HDMI unapita chini unakwenda kwenye TV. Mie nitakaa humo kama kuku anayeatamia, watu wataona TV tu.

Kwa ufundi wangu nkaifanya TV ndo skrini kuu, laptopu iwe ya pembeni nifanyie kazi zangu kimya kimya wasione uchafu. Kumbukeni hapo. Skrini kuu ni TV. Na kwenye TV ikatokea picha niloiweka nyuma, ambayo ni mie mwenyewe, Idi, kanzu nyeupe na kofia ya kiua, nimeegemea ukuta nakunja uso kidogo. Nkasikia vicheko. Nkasema hakuna neno, dakika tu itaondoka.

Waifai hamna.

Namaanisha haimo kabisa, ile alama yenyewe haipo. Nkapiga ip link nione njia za mtandao, ipo lo ambayo ni ya kompyuta kujisemesha yenyewe, ipo ya waya, basi. Ya waya tundu lake limevunjika tokea nainunua. Nkapiga rfkill list nikitaraji labda imefungwa kwa bahati mbaya, haionyeshi chochote cha waifai. Nkapiga lspci -nnk, kadi ipo pale, jina lake kamili, lakini chini yake ule mstari wa "Kernel driver in use" hakuna. Huo mstari ukikosekana jueni kadi imekaa tu, hakuna anayeisemesha. Nkapiga uname -r nikaona namba ya kerneli si ile nnoizoea, na jasho likaanza mgongoni.

(Najua. Najua! Mnaojua mshaanza kupiga meza: kerneli ya zamani ilikuwepo kwenye menyu ya kuwashia, ningezima nkawasha nkaichagua, dakika mbili nshamaliza. Imenijia saa nne usiku nikiwa kitandani. Msiniandikie tena, ninazo za kutosha.)

Nje ya pazia, "Bado tu?" Bado kidogo shangazi. "Mbona tunakuangalia wewe tu?" Inajiandaa shangazi. Tatizo la draiva ni kwamba dawa yake iko kwenye intaneti, na intaneti ndo ugonjwa. Njia ni simu, uichomeke kwa waya wa USB ugawe bando, Linux inaichukua bila ya kuiwekea kitu. Nkachomeka, simu inachaji vizuri, mtandao hakuna, dmesg, daftari la kerneli, kimya kama hujachomeka kitu. Waya wa kuchajia tu, hauna nyaya za data ndani. Nkaomba waya. Zikapita nyaya chini ya pazia za kila mwanamke wa Mpendae, wengine wakapitisha na chaja nzima, mmoja akapitisha sambusa, Mungu ampe kheri. Mwisho ukapatikana wa mtoto mmoja, umefungwa selotepu, ndo ulofanya kazi.

apt install linux-headers-amd64. Zikashuka. DKMS ikaanza kujenga, na kwenye mashine kongwe ile kujenga ni kungoja, feni inanguruma, kuna mistari inatambaa. Wakati huo msikitini yule wa Kikwajuni ndo kashika simu ya kurusha akdi, kakaa mbele kabisa karibu na sheikh, hana la kufanya ananingoja mie. Mtu yule akikaa bure huandika.

Nkatoa kichwa kidogo pembeni ya pazia, macho chini, nkatangaza: "Jamani iko tayari, ikishakamata mtaona maneno yanatokea kwenye TV pembeni. Mkiyaona nisomeeni kwa sauti." Mie nimesema. Mdomo wangu huu. Nkarudi ndani, modprobe wl kuiamsha draiva, nkahesabu pumzi, na ile alama ya waifai ikajichomoza. Ikakamata ruta ya nyumba yenyewe. Nkachomoa waya wa simu, simu nayo ikarudi kwenye waifai ile ile ya nyumba.

Wasiojua: nina programu inaitwa KDE Connect. Simu na kompyuta zikiwa mtandao mmoja zinajuana, na kila meseji inayoingia kwenye simu inachomoza kwenye kompyuta, jina la alotuma na maneno yake. Kwenye skrini kuu.

Nkasikia mtoto wa kike, sauti ile ya madrasa, kila neno amelisimamisha: "Vipi yakhe, ishakamata au bado?"

Nkadhani ananiuliza. Nkajibu kwa furaha, "Ishakamata!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele na kicheko pamoja. Nkasema moyoni wamefurahi hawa, kazi si ndogo. Bibi mmoja akauliza, "Kompyuta inasema Kiswahili?" Na mie, nyuma ya pazia, nimevimba kichwa, nkamjibu, "Za siku hizi zinajua bibi! Endelea kusoma mwanangu, imeandikaje tena?"

Akaendelea. "Tumbo." Akanyamaza. "Tumbo, halafu vinukta viwili."

Yule wa Kikwajuni kwenye simu yangu nimemwandika Tumbo.

Hapo nlielewa. Kichwa kilielewa, mikono bado. Nlikuwa nimeshika sambusa nusu. Nakumbuka naiangalia ile sambusa na najua vizuri kabisa nini kinakuja na siwezi kuinuka. Bibi akauliza, "Tumbo la nani?" Akaambiwa ngoja. Mtoto akavuta pumzi, akasoma: "Yakhe, ile elfu thelathini ya shangazi ya kununulia kidude cha waifai, imebaki hata ya urojo? Leo usiku turudi Forodhani."

Kimya. Kimya ambacho feni ya laptopu unaisikia.

Bibi: "Kasemaje? Rudia, sikio hili halinisikii."

Na mtoto ana adabu, karudia. Toka mwanzo. Na "yakhe" yake, na elfu thelathini yake kaivuta kidogo kuhakikisha bibi kaipata. Mie ndo mikono ikaniamkia, nkavuta waya nizime TV, nkavuta wa umeme wa laptopu, TV inawaka tu, betri ile siku zote haina dakika tano siku hiyo ikajitutumua. Ikaingia nyengine. Mtoto, bila kuambiwa: "Tumbo. Ila shangazi asijue, yule atakutangaza mpaka Chumbuni."

Nkainuka. Mguu ukashika waya wa HDMI, bega likashika pazia, pazia likashika kile chuma lilichotundikiwa, na vyote tukaja chini pamoja mbele ya ukumbi. "Jistirini!" Buibui zinaruka tena. Kofia kule. Mie chini na pazia kichwani, na juu yangu kwenye TV, mie mwengine wa Idi nimeegemea ukuta nakunja uso, pembeni ya uso wangu yale maneno yamekaa hayajaondoka. HDMI ilikuwa haijachomoka. Nlipojitoa kwenye pazia wa kwanza kumuona ni shangazi. Hakusema kitu. Kafungua fundo la kanga, kaangalia ndani, kafunga tena.

Basi. Akdi ilipita, sheikh ana nyengine ya kwenda hawezi kumngoja mtu na draiva zake. Ami wa Muscat kaiona yote, kuna kijana alimpigia kwa simu tu mkono kwa mkono, hana habari kama kuna kerneli duniani. Wanawake wameangalia rekodi usiku. Elfu thelathini nimeilipa, shangazi kaihesabu barazani watu wakiwepo. Chumbuni washapata, nimethibitisha.

Na juzi shangazi kaja mwenyewe na kimfuko cheusi, kenda Darajani kanunua kidude kwa mkono wake, kaniwekea mezani, "haya, cha kwako hicho, tusisikie tena." Nkakichomeka mbele yake. lsusb ikakitaja, 0bda:1a2b, Realtek, na kimejitambulisha kwamba ni CD. Vipo vidude vya namna hiyo, vinaanza kwa kujifanya CD yenye draiva ya Windows ndani, mpaka ukigeuze kwa usb_modeswitch ndo kikubali kuwa ni waifai, na kikishakubali kinataka draiva yake, na kwenye 6.1 hii nnavoona nitaijenga tena kwa DKMS.

Akaniuliza, "Kinafanya kazi?"

Nkamwambia kinafanya shangazi, mashaallah, kama umeme. Hapa naandika kwa bando la simu, waya ule wa selotepu sikuurudisha. Jumamosi anakuja na bibi aonyeshwe, kwa hiyo kama kuna mtu keshaifanyia kazi hiyo ya Realtek kwenye Debian 12 anitafute kabla ya Ijumaa. Anitafute kwa kupiga. Meseji sipokei.