Kumsikiliza mtu ni kazi, muihesabie timu lida

Aliyewahi kuongoza timu ya huduma kwa wateja anajua, kinachokumaliza pale ni watu kuliko hata target. Simuongelei meneja mwenye ofisi yake na mlango, naongelea timu lida, yule anayekaa humohumo na wenzake, hedseti shingoni, na skrini ya foleni ya simu ipo ukutani kila mtu anaiona.

Chukua asubuhi moja tu. Mteja katuma hela kimakosa kwenye namba siyo, aliyepokea ameshaitoa, basi hasira zote zinamshukia binti aliyeanza kazi juzi juzi, anatukanwa mpaka mamaake afu anaambiwa nipe mkubwa wako. Lida anaichukua ile simu, anaongea kwa upole mpaka yule baba anashuka, anamweleza utaratibu, inaisha. Akigeuka binti analia, inabidi amtoe nje kidogo akapumue, na akirudi anakuta mwingine kasimama pembeni ya meza, mtoto amelazwa anaomba abadilishiwe shifti, na kabla hajamjibu huyo, bosi anauliza mbona foleni imepanda. Hapo ni saa nne asubuhi. Na jioni kwenye ripoti hakuna sehemu ya kuandika hayo yote, inaonekana tu kwamba leo lida kapokea simu chache.

Mimi hilo ndo linaniuma. Kumtuliza mteja, kumbembeleza binti, kutafuta nani akae shifti ya mwenye mgonjwa, zote hizo ni kazi na zinakula kichwa kuliko kupokea simu, sasa ukimpa mtu timu kubwa ya kulea afu bado ukampangia na simu zake mwenyewe shifti nzima, unategemea apumue saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuelezea uchovu wa kazi uliopitiliza kwa dalili tatu, na likasema unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujadhibitiwa, halikuuita ugonjwa. Dalili ya kwanza ni kuishiwa nguvu, ya tatu ni kuona huna unachokifanya cha maana. Ila kwa kiongozi mimi naiogopa zaidi ile ya pili, kwamba moyo unajitenga na kazi, unaanza kuibeza. Kwa lida hiyo inakuja hivi: mtu anakwambia mtoto amelazwa, na kitu cha kwanza kichwani mwako ni rosta. Ukijiona umefika hapo hujawa mtu mbaya, umeisha. Na timu inakujua mapema kuliko unavyojijua, wanaanza kuambiana leo msimsogelee.

Afu kuna WhatsApp. Saa tano usiku inaingia meseji, "Lida upo?", basi, hamna kingine. Umeshalala nusu, unaanza kuwaza kuna nini, nani kaumwa, nani kaacha kazi, na mwenzio keshalala zake, kumbe alitaka kuuliza kesho anaingia saa ngapi. Mi naona kila timu ikubaliane kabisa, usiku mtu aandike shida yake yote kwa meseji moja, ya kusubiri isubiri asubuhi, na msiba au mgonjwa mtu apige simu. Na hiyo simu ya usiku malida wapeane zamu.

Kuna kitu malida wengi hawajakisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya hapa Tanzania, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Inawaacha nje wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri NA haohao wanaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu kabisa, yaani lazima yawepo yote mawili. Sasa timu lida wangapi wanaripoti huko juu? Wengi wana supavaiza, juu yake meneja, juu yake mkuu wa idara, kwa hiyo zile saa ni zao pia, ila ukishapewa tu hicho cheo unaambiwa wewe sasa ni menejimenti, nawe unakubali na unaanza kuondoka wa mwisho kila siku.

Likizo ndo usiseme, siku 28 kwa mwaka, na mtu anazimaliza akijibu grupu yupo kijijini kwao. Usingizi ukikata wiki na wiki usivumilie, nenda hospitali, pale Muhimbili wapo madaktari wa akili na si lazima uwe umeokota makopo ndo uende.

Kwa mabosi ninachoomba ni kidogo. Mpunguzieni lida simu zake, muda wa kukaa na watu wake uwepo kwenye rosta kama ulivyo wa chakula, na akienda likizo atajwe anayemkaimu kwa jina, grupuni, mbele ya wote. Lida naye siku hiyo atoke kwenye grupu, wamrudishe akirudi.