Bulabo haitazamwi kwa kukaa kwenye kiti

Ukifika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, ukaanza kutafuta kiti chini ya turubai, umeshaikosa Bulabo, sikukuu yao ya ngoma. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vinavyoshindana, asili yake haina jaji wa meza. Makundi mawili huanza kucheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na umati hukimbia huku na huku. Duara lililojaza watu ndilo lililoshinda. Miguu yako ndiyo kura.

Ushindani huo ulianzia karne ya 19 kwa mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, na hadi leo watu husema kundi fulani limevuta watu kwa samba, yaani dawa ya mvuto. Dawa au si dawa, kundi haliji mikono mitupu. Bayeye, wacheza na nyoka, huja na chatu. Wa bugobogobo, ngoma ya majembe, huyarusha majembe juu, jembe linajizungusha hewani, na mchezaji hulidaka kwenye mpini bila kupoteza mdundo. Acha hatua tatu hivi kati yako na mstari wa wachezaji. Anayejisogeza ndani na simu ili apate picha humnyima mchezaji nafasi ya kulifuata jembe likienda kombo, na hapo ndipo watu huumia.

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni ni moto wa pembeni. Juni huku ni kiangazi, mchana ngozi ya ngoma inakaza yenyewe, lakini asubuhi na jioni unyevu unailegeza na sauti inakuwa bubu. Mpigaji huwasha nyasi kavu, anaielekeza ngozi kwenye joto kwa umbali wa mkono hivi na kuizungusha taratibu, huku akiigonga kati na ukingoni mpaka ilie. Akiisogeza mno ngozi hupasuka. Akiwa na haraka, upande mmoja hukaza na mwingine ukabaki umelegea. Nenda usimame hapo dakika kumi. Kwa maoni yetu, ni somo zuri kuliko hotuba zote za mgeni rasmi.

Spika nazo ni balaa. Kundi moja likipewa maikrofoni na jingine likakosa, mashindano yameisha kabla ya kuanza, maana mtu hawezi kuchagua duara kwa sikio. Tena mwimbaji anatunga papo hapo kumpiga kijembe mpinzani, na kijembe kikipita kwenye spika inayokoroma hakimchomi mtu. Kama Kisukuma hukijui, simama karibu na mzee anayecheka peke yake, umwamkie, umwombe akutafsirie.

Tarehe huhama kila mwaka kwa kuwa Bulabo, maana yake maua, imefungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Hesabu wiki 9 tangu Jumapili ya Pasaka, kisha uthibitishe ratiba na makumbusho ya Bujora kabla ya kukata tiketi. Kutoka Mwanza mjini ni kama kilomita 20: daladala ya Kisesa kwenye barabara ya Musoma, halafu bodaboda mpaka juu. Chukua kofia, maji, na leso ya kuziba pua, maana vumbi la miguu ya umati si la mchezo. Jioni daladala hujaa vibaya, hivyo ama uondoke jua likiwa bado lipo au utafute pa kulala Kisesa mapema. Makumbusho yaone asubuhi. Banda la ngoma likikuelewesha nani ni Bagika na nani Bagalu, mchana utajua unakimbilia wapi.

Chenji noti za elfu moja moja ukiwa bado mjini. Mchezaji hutunzwa akiwa bado anacheza, ila kwa mwenye jembe subiri alishushe kwanza.