Nyuzi za plastiki zinathibitisha nini kuhusu ubongo?

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, haioni uzi wa neva. Inachopima ni mwendo wa molekuli za maji, ambazo husogea kwa urahisi zaidi zikifuata nyuzi kuliko zikizikata. Programu ya kompyuta ndiyo inayobuni njia za nyuzi hizo na kuzichorea ramani kutokana na vipimo hivyo. Chembe moja ya picha huwa na upana wa milimita 2 hivi, ilhali nyuzi nyingi za neva zina unene wa karibu mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo ndani ya chembe hiyo hujazana maelfu kwa maelfu, zikipinda na kupishana. Ramani ikitoka na rangi zake za kupendeza, nani atajua kama ni ya kweli?

Ndiyo sababu ya kutengeneza fantomu: vitu vya majaribio ambavyo njia zake zinajulikana tangu mwanzo. Inayotajwa sana ilitengenezwa Ufaransa kwa nyuzi za akriliki (aina ya plastiki), ikatumika mwaka 2009 katika FiberCup, shindano la programu hizo za kuchora njia. Ina mafungu 7 ya nyuzi yanayopishana, kugusana na kuachana. Wapo pia waliotumia uti wa mgongo wa panya, hata asparagasi (naam, mboga).

Wanaozitetea wana hoja nzito. Fantomu haitikisiki wala haichoki, na inaweza kupitishwa kwenye mashine za hospitali mbalimbali ili zilinganishwe. Kwa mashine yenyewe, hata maji yaliyozungukwa na barafu yanatosha: kwenye nyuzijoto 0 kasi ya kusambaa kwake inajulikana, takriban milimita za mraba 0.0011 kwa sekunde. Mashine inayosoma mbali na hapo ina kasoro, hakuna ubishi.

Kwa programu, mambo si mepesi hivyo. Uzi wa akriliki hauna uwazi ndani. Maji hupita katikati ya nyuzi tu, wakati kwenye neva yamo ndani na nje. Nyuzi zenye uwazi zimepunguza tatizo hilo, lakini si lile kubwa zaidi: umbo. Mafungu 7 yaliyolazwa bapa hayafanani na msongamano wa ubongo, na mtu akishajua jibu anaweza kurekebisha programu yake mpaka ilipate.

Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha hilo kwa ubongo wa kuigizwa kwenye kompyuta, wenye mafungu 25. Timu 20 ziliwasilisha ramani 96. Nyingi zilipata takriban asilimia 90 ya mafungu ya kweli, ila ziliongeza mafungu ya uongo mengi kuliko hayo. Kasoro ya namna hii kipande cha plastiki kingeificha.

Kwangu, fantomu ni hakimu mzuri wa kukataa na dhaifu wa kukubali. Programu inayopotea kwenye akriliki haifai kusogezwa karibu na mgonjwa. Iliyofaulu imestahili mtihani mgumu zaidi, basi. Madaktari wa upasuaji wanaoondoa uvimbe karibu na njia za usemi bado huigusa sehemu husika kwa umeme mdogo, mgonjwa akiwa macho anazungumza, kabla ya kukata.