Dawa ya sonona ya kupuliza puani: nani atakaa na mgonjwa hizo saa mbili?

Esketamini, ndiyo dawa hiyo ya kupuliza puani, ilipata kibali Marekani Machi 2019 kwa watu wenye sonona sugu, yaani waliotumia angalau dawa mbili za kawaida kwa dozi na muda unaofaa bila kupata nafuu. Mwenye mgonjwa Lamu au Malindi akisikia habari zake hutaka kujua itafika lini na ni pesa ngapi. Ni haki yake. Ila kwa maoni yetu, dawa hii inasimama au kuanguka kwenye uangalizi, na hilo ndilo la kupima kwanza.

Ni ndugu wa ketamini, ile ya nusu kaputi, kwa hiyo haipelekwi nyumbani: hutumiwa kliniki, na baada ya kupuliza mgonjwa huangaliwa hapo angalau saa mbili. Kila kichupa kina miligramu 28 katika mipulizo miwili, mmoja kwa kila tundu la pua. Dozi ya kwanza ni vichupa viwili. Baadaye daktari anaweza kupandisha hadi vitatu, miligramu 84. Mgonjwa hali kitu saa mbili kabla na hanywi nusu saa kabla, kwa sababu ya kichefuchefu. Hupenga kamasi kabla ya kichupa cha kwanza, huegemea kiti kichwa kikilala kama nyuzi 45, kisha hujipulizia mwenyewe mbele ya mhudumu na kuvuta pumzi taratibu. Kati ya kichupa na kichupa hupumzika dakika 5.

Hapa ndipo dawa inapopotea. Aliyezoea dawa za mafua hubonyeza kwanza hewani ili kuijaribu, na kwa kichupa chenye mipulizo miwili tu, nusu imekwenda. Anayekaa wima humchuruzika mdomoni, anayevuta kwa nguvu huimeza. Vitone viwili vya kijani kwenye kichupa huonyesha mipulizo iliyobaki, na nesi avitazame kila mara.

Presha hupimwa kabla, na ikizidi 140/90 daktari apime kama inafaa kuendelea siku hiyo. Hupimwa tena baada ya dakika kama 40, wakati inapopanda zaidi. Mwenye ateri iliyovimba kama puto, au aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, asipewe kabisa. Karibu wakati huohuo mgonjwa anaweza kuhisi ametoka mwilini mwake na sauti ziko mbali. Mara nyingi hali hiyo hutulia ndani ya zile saa mbili. Lakini asipoelezwa mapema, yeye au mamake atasema amepandwa na jini, na hawatarudi. Wengine husinzia sana, kwa hiyo kipimo cha oksijeni hakitoki kidoleni. Siku hiyo haendeshi boda wala hashiki usukani wa boti, mpaka kesho baada ya kulala vizuri.

Inasaidia kiasi gani? Katika jaribio lililoipa nguvu, waliopewa esketamini pamoja na kidonge kipya waliwazidi kwa nafuu waliopewa kidonge na mpulizo usio na dawa, kwa alama kama 4 kwenye kipimo cha ukali wa sonona chenye alama 60, baada ya wiki nne. Majaribio mengine mawili ya muda mfupi, moja la wazee wa miaka 65 na zaidi, hayakuonyesha tofauti ya kutosha kitakwimu. Wanaosema faida ni ndogo wana hoja. Sisi tunaipa uzito zaidi takwimu ya kuzuia kurudiwa: kati ya waliokwisha kupona na kutulia, karibu asilimia 27 ya walioendelea nayo walirudiwa, dhidi ya 45 ya walioachishwa. Hata hivyo Uingereza, mwaka 2022, taasisi inayopima thamani ya dawa kwa huduma ya afya ya umma haikuipendekeza.

Bei nayo ni nzito. Ilipoingia sokoni Marekani, mwezi wa kwanza peke yake uligharimu dola 4,720 hadi 6,785, dawa tu. Mwezi huo una ziara mara mbili kwa wiki, halafu mara moja kwa wiki mwezi wa pili. Wa Malindi mjini atapanda tuktuk. Wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ana boti nane za kwenda, na akimaliza uangalizi boti ya kurudi huenda imeshaondoka. Wakati wa kusi hata ya kwenda haina uhakika.

Kabla ya yote hayo, tuulize kama sonona ni sugu kweli. Mtu akipewa amitriptilini miligramu 25 usiku kwa miezi, hiyo ni dozi ya usingizi na maumivu ya neva. Ya sonona kwa mtu mzima ni kawaida 75 hadi 150, ikipandishwa polepole. Fluoksetini, kidonge kingine cha sonona, inataka wiki 4 hadi 6 bila kukatika. Bado kuna vinavyoweza kuleta au kuiga sonona: tezi ya shingo, upungufu wa damu, muguka (majani ya kutafuna kama miraa), heroini, na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ambao vidonge vya sonona peke yake vinaweza kuuchochea.

Kwa wanaobaki, ketamini ya dripu inastahili kujadiliwa. Utafiti wa Marekani wa 2023 uliilinganisha na tiba ya umeme kwa wenye sonona sugu isiyo na dalili za wazimu: asilimia 55 walipata nafuu kwa ketamini, 41 kwa umeme. Dozi inayotumika zaidi ni nusu miligramu kwa kilo kwa dakika 40, hivyo wa kilo 60 hupata miligramu 30, na chupa ya mililita 10 yenye miligramu 50 kwa kila mililita ina miligramu 500. Haina kibali kwa sonona, nafuu yake huisha haraka, na inaweza kuzoesha, kwa hiyo chupa zihesabiwe. Kumimina dawa ya sindano kwenye kichupa cha pua nyumbani ni hatari tupu.

Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, ambako dozi hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, basi nidhamu hiyo si ngeni. Tungeanzia huko: kiti cha kuegemea, mashine ya presha, kipimo cha oksijeni, na nesi asiyeitwa wodi nyingine kwa saa mbili. Lamu ingehitaji hayo yote, pamoja na kitanda cha mgonjwa wa visiwani kulala mpaka boti ya asubuhi.