Kona ya Kulia Nimewaachia Wenye Magari Mapya

Miezi minne nimeishi bila kukata kona ya kulia. Usukani haujagoma, unazunguka vizuri tu. Tatizo ni mdomo wa gari. Nikiukunja usukani wote kulia na kukanyaga mafuta kidogo, chini kule kunaanza: ka-ka-ka-ka-ka, kama mtu anayesaga changarawe kwa magego. Nikinyoosha, kimya. Nikikunja kushoto, kimya, adabu tele, utadhani si gari lile lililokuwa likinitukana sasa hivi.

Mwenye akili angeenda kwa fundi. Mimi nikapanga njia. Kushoto, kushoto, kushoto tena, unatokea palepale ambapo kona moja ya kulia ingekufikisha zamani. Kazini wakashangaa kwa nini siku hizi natokea upande wa nyuma kama mdaiwa. Nikawaambia napenda kubadili mandhari.

Pale ambapo kulia hakukwepeki, nilikuwa na redio. Redio ndiyo dawa ya kwanza ya gari bovu, na haina dozi: kelele ikipanda, nawe unapandisha. Shida ni kwamba ya kwangu imefika mwisho wa kitufe, na gari bado lina akiba.

Halafu kuna geti la nyumbani. Geti liko kulia, na ukitaka kuingia kwa kushoto itabidi upite sebuleni kwa jirani. Basi kila jioni nilikuwa naingia na tarumbeta yangu, ka-ka-ka-ka, familia nzima ikajipanga nayo. Runinga inazimwa, vitabu vinafunuliwa, mtu anaondoka kwenye kiti changu, mbwa anakuja getini na mkia unafagia vumbi. Ninapofungua mlango, nyumba imetulia kama ukumbi wa mtihani. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni heshima.

Ushauri, bwana, haukukosekana. Mmoja akasema beringi ya gurudumu. Lakini beringi huvuma, vuuuu, hata barabara ikiwa imenyooka. Haisubiri kona ndipo itoe neno. Mwingine akasema bolijointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu na kuliacha likunje kona. Wa tatu akasema niuze, kisha akakataa kununua.

Jirani yangu ndiye aliyesema shafti, ule mtalimbo unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye gurudumu, na jirani akishasema jambo hana budi kulithibitisha. Jumamosi moja akaja na tochi. Tukalipandisha gari kwa jeki, tukaweka stendi (kwa jeki peke yake mimi siingii chini, watoto wangu bado wadogo), nikalala chali nikaangalia nyuma ya gurudumu la mbele.

Pale shafti inapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kuna jointi, yaani kiungo kinachojikunja, nayo imevikwa buti la raba lenye mikunjo kama kodiani. Kwa juu buti lilikuwa zima kabisa. Jirani akaniambia nivute mkunjo kwa kidole. Nikavuta, likanifungulia mdomo kutoka sikio hadi sikio. Ukiangalia ndani ya rimu, grisi nyeusi imetapakaa kwa mstari mmoja kuzunguka pande zote, kama mtu aliyepaka rangi akiwa amekaa kwenye pembea. Nikaichukua kidogo nikaisugua kati ya kidole na gumba. Grisi inapaswa kuteleza. Hii ilikuwa inakwaruza. Ilikuwa na mchanga, na maji, na nahisi na kipande cha kila barabara niliyowahi kupita.

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma fundi aliniambia, "Mzee wangu, raba hii imeanza kuchanika. Tubadilishe raba na grisi tu, jointi bado nzima." Nikamjibu tutaonana mwisho wa mwezi. Hakutaja mwezi gani, nami sikutaja. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakusema kama ufa wa raba nao umo. Wangefafanua.

Jirani akashika shafti kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mkono mwingine, akavizungusha huku na huku. Tuk. Tuk. Ule ulegevu uliosikika ndio ugonjwa wenyewe. Mimi nikashika upande wa ndani, kwenye giaboksi, nikasukuma, shafti ikaingia na kutoka. Nikapiga kelele kwamba na huku kumekwisha. Akacheka sana. Kumbe jointi ya ndani imeumbwa iteleze, maana gurudumu likipanda na kushuka kwenye mashimo, umbali wa kutoka giaboksi hadi kwenye habu unabadilika, na lazima pawepo wa kuufidia. Ya ndani ikichoka, dalili yake ni nyingine: gari linatetemeka ukikanyaga mafuta, ukiachia linatulia.

Angeishia hapo ningemshukuru. Lakini mimi nilikuwa chini ya gari, sina pa kukimbilia, akaanza historia. Kwamba kiungo cha kawaida, kile cha msalaba, ukikikunja kinazungusha kwa kusuasua, kila mzunguko kinaharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili. Kwamba bwana mmoja aitwaye Alfred Rzeppa aliomba hataza mwaka 1927 ya kiungo cha gololi 6 zinazokimbia kwenye mifereji, ili gurudumu lizunguke kwa mwendo uleule hata likiwa limekunjwa. Kwamba Mini ya mwaka 1959 ilikuja na injini iliyokaa kwa ubavu na kuvutwa na magurudumu ya mbele, na ulimwengu ukaiga. Nikamuuliza huyo Rzeppa alisema nini kuhusu mchanga. Hakuwa na jibu.

Nadhani unategemea niseme Jumatatu nilikwenda kwa fundi. Hunijui.

Ilikatika mwezi uliofuata, getini kwangu, kwenye kona ileile. Ka-ka-ka-ka... TAA! Injini inanguruma, gari halisogei. Nakanyaga mafuta, mshale unapanda, miti iko palepale. Nguvu yote inakimbilia upande uliokatika, kwa kuwa kule hakuna kazi. Ni kama watu fulani ninaowafahamu. Nikaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, nikashuka kistaarabu kwenda kutazama.

Sikiliza hili, maana hakuna aliyewahi kuniambia. Shafti ikikatika, P haishikilii kitu. Inafunga giaboksi, lakini ule upande uliokatika unazunguka bure na gurudumu zima linakwenda linakotaka. Na mbele ya geti langu pana mteremko. Nimeinama naangalia chini, naona kama ardhi inahama. Gari lilikuwa linaondoka, polepole, kinyumenyume, kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikalikimbilia, nikajitupa ndani nusu mwili, miguu iko nje inaburuzwa, nikavuta breki ya mkono ambayo sikuwa nimeigusa tangu mtihani wa leseni. Ikashika. Mama watoto alikuwa dirishani.

"Baba watoto," akasema, "leo umeingia au unatoka?"

Fundi akaja nyumbani, akanituma nikanunue shafti. Muuzaji akaniuliza, "Ya kulia au ya kushoto?" Nikajibu kwa uhakika wa mtu aliyeteseka: kulia! Miezi mitano kasoro kulia ndiko kulikonitoa jasho. Nikaileta nimeibeba begani kama bazooka. Fundi akaitazama, akanitazama.

"Mzee, iliyokatika ni ya kushoto."

Kumbe ukikata kulia, gurudumu la kushoto ndilo la nje ya kona, ndilo linalobebeshwa uzito, na mara nyingi ndilo linalolia. Miezi yote hiyo nimeusingizia upande usiohusika. Wala hazibadilishani: giaboksi haikai katikati ya gari, kwa hiyo moja ndefu na moja fupi. Nikarudi dukani, safari hii na ile ya zamani mkononi, jambo ambalo kila mtu angelifanya tangu mwanzo. Niliporudi, fundi alizilaza mbili sambamba, akaanza kuhesabu meno ya ncha zote kimyakimya, kama mtu anayehesabu hela za mwenzake. Zikalingana.

Nati ya katikati ya gurudumu sitaisahau. Unailegeza gari likiwa bado chini, kabla ya jeki, maana inataka nguvu ya kuangusha gari. Fundi akachomeka bomba refu kwenye spana, tukaning'inia wote wawili. Haikutikisika. Tukamwita jirani. Tukawa watatu kwenye bomba kama popo, mara ikaachia, KRAA, tukajikuta tumekaa chini tunatazamana. Ile nati hairudishwi tena. Unafunga mpya, na ukingo wake unaugonga kidogo uingie kwenye mfereji ili isijifungue njiani.

Baada ya hapo fundi akaachanisha bolijointi ya chini, akalivuta habu pembeni, ncha ya nje ikatoka. Upande wa ndani akachomeka mtaimbo. Nikataka kusaidia, nikashika shafti nivute. Akaniwakia: "Usivute, jointi ya ndani itaachana! Inachokonolewa, haivutwi!" Akachokonoa, klipu ikaachia, shafti ikachomoka, na oili ya giaboksi ikafuata. Alishaniambia tuimwage kwanza. Nilishamwambia haina haja. Shati lile sasa ni la kufutia mikono.

Mpya ikaingia taratibu, sili inayozuia oili isichanike, hadi klipu ikasema tak. Oili ikarudishwa, nati ikafungwa kwa ile spana inayopima nguvu, si kwa bomba na popo.

Jioni nikatoka kwenda kulijaribu. Nilikata kulia kila penye kulia. Nilizunguka mtaa mzima kwa kulia tupu, kama mtu aliyefunguliwa pingu, redio nimezima. Kimya. Nikarudi, nikakunja geti, nikaingia bila sauti.

Runinga ilikuwa inanguruma. Vitabu sikuviona. Mtoto wa kwanza amelala kwenye kiti changu miguu juu ya meza, mama yake pembeni anacheka na simu. Sikufika mlangoni. Mbwa alitoka mbio gizani, akaniona mtu mweusi kwa grisi, hajasikia ka-ka-ka yoyote, akanifuata kwa meno yote. Nikapandia boneti.

"Nani huyo?" mama watoto akauliza kutoka ndani.

Nikaanza kuliigiza gari kwa mdomo.